Ufunguo Alioukaza Mama

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

BISIBISI: Mimi, dada. Nimeazima simu ya jirani, yangu imezima.

DADA: Mdogo wangu! Nakutafuta tangu asubuhi. Kwema huko?

BISIBISI: Kwema. Mama je?

DADA: Yupo. Daktari katoka sasa hivi. Kaniambia nisibanduke kitandani.

BISIBISI: Basi nakuja hospita—

DADA: Hutawahi. Sikiliza. Anakitaka kile kisanduku chake cha muziki. Hana neno jingine. Kilete karibu na simu, inua kifuniko, asikie.

BISIBISI: Sasa hivi?

DADA: Sasa unangoja nini? Springi imejaa. Si unaijua sheria ya nyumba yetu, wa mwisho kusikiliza ndiye anayekaza ufunguo? Alikaza mwenyewe siku namleta huku.

BISIBISI: Dada, hicho kisanduku...

DADA: Haloo? Unakatika—

BISIBISI: Sijakatika. Nilikuwa nakisafisha, dada. Kilikuwa kinasuasua. Nikasema arudi akikute kinaimba kama zamani.

DADA: Umekifungua? We Bisibisi! Redio ulifungua, saa ya ukutani ulifungua, mpaka leo imo kwenye sufuria! Kwa nini—

BISIBISI: Nilitoa kile kipepeo. Kile kinachozuia pipa la vijipini lisikimbie. Nikasahau springi imejaa.

DADA: Ikawaje?

BISIBISI: Pipa likafyatuka. Likazunguka mbio, likanguruma kama bati linaloburutwa. Vijipini vingi vimelala, kitana cha chuma kinachotoa sauti kimebaki karibu kibogoyo. Wimbo wote, dada... umekwisha kwa pumzi moja.

DADA: Mkazo wa mama huo.

BISIBISI: (mkwaruzo) ...nitukane basi.

DADA: Maji yakimwagika hayazoleki. Kuna meno yaliyobaki?

BISIBISI: Ya pembeni. Ya sauti nene.

DADA: Zungusha pipa kwa kidole. Polepole.

BISIBISI: Litatoa vipandevipande tu, litamchoma roho—

DADA: Katuimbia wimbo huo tangu tuko mgongoni. Mapengo atayajaza mwenyewe. Zungusha! Nimeweka spika, simu iko kando ya sikio lake.

BISIBISI: Haya. (ting... kimya... ting, ting) Anasemaje?

DADA: Midomo inacheza. Endelea.

BISIBISI: Mama, hapa pana pengo, nivumilie. (ting...) Hapa ndipo ulipokuwa unatupiga busu. (ting, ting) Anafuata?

DADA: (kimya)

BISIBISI: Dada? Anasikia?

DADA: Mimi nasikia.

BISIBISI: Nimekuuliza mama—

DADA: Usisimame. Umalize, mdogo wangu. Usimkatie njiani.

BISIBISI: (ting... ting...) Nimefika mwisho. Dada. Simu inalia, salio la watu linaisha—

DADA: Rudisha kipepeo kwanza. Umesikia? Kipepeo kwanza, halafu kaza ufunguo.

BISIBISI: Nikaze kwa ajili ya nani sasa?

DADA: Wewe kaza. Springi ijae, kama yeye alivyotuachia—

BISIBISI: Haloo? Dada? ...Haloo?