Mzee Mkasi Anakabidhi Ufunguo wa Bahasha za Kaki

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, katibu wa jarida letu la sayansi atafunga kabati la chuma kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Amefanya kazi chini ya wahariri wakuu saba. Amechelewa mara mbili tu: siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa, na siku lifti ilipokwama naye ndani, akakaa humo saa nzima akisahihisha orodha ya marejeo.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa. Nimeanza mara nne. Kila nikifika aya ya pili nainuka kwenda kuangalia kama birika limechemka, na wala sitaki chai.

Huenda ameniambukiza. Mwenyewe hajui kukaa. Kiti chake bado kina nailoni ya dukani mgongoni. Anasoma amesimama, anakula amesimama, na simu anaipokea huku akitembea hadi waya ukatae. Zulia la kati ya meza yake na kabati limekwisha manyoya. Mama anayefanya usafi huwaambia wageni, "Mnamtafuta Mzee Mkasi? Fuateni upara wa zulia."

Wafanyakazi wapya huuliza jina hilo lilitoka wapi. Makala ikifika kwetu hupelekwa kwa wapitiaji wawili, yaani wataalamu wa fani hiyo, waisome na kusema kama inafaa kuchapwa. Mwandishi hatakiwi kujua nani anamsoma, na anayesoma hatakiwi kujua anasoma ya nani. Mzee Mkasi alipoanza, yote yalikuwa karatasi. Mwaka wake wa kwanza alifuta majina kwa wino mweupe, akaona kazi imekwisha. Mpitiaji mmoja akarudisha makala pamoja na salamu kwa mwandishi na familia yake. Alikuwa ameinua ukurasa dirishani, jua likamsomea jina.

Siku hiyohiyo katibu wetu alichukua mkasi wa mkewe, ambaye ni fundi cherehani na anauulizia hadi leo. Tangu hapo jina la mwandishi hukatwa kutoka ukurasa wa kwanza, na kile kipande hutiwa kwenye bahasha nyeupe yenye namba. Majina ya wapitiaji huingia bahasha ya kaki yenye namba ileile. Makala ikichapwa, bahasha nyeupe hufunguliwa na jina hurudi mahali pake. Ya kaki haifunguliwi. Ikitimiza miaka kumi hupitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi jinsi ilivyo, na gundi yake.

Kompyuta zilipokuja alizipokea vizuri, akajifunza kabla yetu sote, lakini bahasha hakuziacha. Alieleza kwamba kompyuta ukiijua nywila inakusimulia kila kitu na kesho yake inanyamaza kama haikukuona. Bahasha ikifunguliwa, inaonekana imefunguliwa.

Wako waliojaribu kumzunguka. Kuna mwandishi aliyependekeza mpitiaji wake mwenyewe, mtaalamu mkubwa, kasema, anayeishi mbali sana, na akaandika namba ya simu. Mzee Mkasi akainua simu ya ofisini na kupiga. Ikaita kwenye korido, nje ya mlango wetu, mfukoni mwa huyohuyo mwandishi aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri risiti ya makala yake. Mzee Mkasi alitoa kichwa nje na simu sikioni. "Hallo, mtaalamu," akamwambia. "Naona umefika salama."

Na kuna profesa mwenye sauti ya kujaza ukumbi, aliyekuja kudai ajulishwe nani kamkatalia makala. Hakukaribishwa kiti.

"Mimi namfahamu 307 tu," Mzee Mkasi alimjibu. "Na 307 tumemwomba aongeze sampuli."

"Wewe, unajua unaongea na nani?"

"Ndiyo maana nilikata jina, mheshimiwa. Nisijue."

Profesa aliongeza sampuli. Makala ilichapwa mwaka uliofuata, na mpaka leo wakikutana kwenye ngazi humsalimia, "307 hajambo?"

Sasa nimefika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka, na birika limechemka mara tatu.

Wengi wenu mlimfahamu marehemu mume wangu, mhadhiri wa masuala ya maji katika jengo la pili. Yeye na Mzee Mkasi walicheza drafti kila Jumatano mchana, mmoja amekaa, mwingine amesimama. Ndiyo sababu Mzee Mkasi huniita shemeji hata mbele ya wageni wa bodi. Mume wangu alifariki mwezi wa Machi, miaka tisa iliyopita, moyo ulisimama asubuhi akifunga viatu. Wiki tatu kabla alikuwa ametuletea makala kuhusu kiasi cha dawa ya kutibu maji kwenye matangi ya majumbani. Ilipewa namba 412.

Niliporudi kazini, nilikuta wenzangu wamekwisha kukubaliana. Makala ingechapwa katika toleo linalofuata, bila kupitiwa, ikiwa na mstari mweusi pembeni. Mhariri mkuu wa wakati ule alikuwa ameshachagua unene wa mstari. Kikao kizima kilitikisa kichwa kukubali, nami nikashukuru huku nikilia. Mzee Mkasi, amesimama karibu na mlango, akasema hapana.

"Angekuwa hai, ingepitiwa," alisema. "Tukimpitisha kwa kumwonea huruma, tumempunguzia."

Niliondoka chumbani kabla hajamaliza kusema. Hilo mlishike, kwa sababu lilinigharimu miaka.

Kwa miezi kadhaa sikumsemesha ila kwa kazi. Nilimwita "Bwana Katibu". Yeye akaendelea kuniita shemeji. Alitembea kuliko kawaida, na mara nyingi nilimwona akisimama mbele ya kabati, mkono kwenye komeo, kisha anarudi mezani mikono mitupu. Nilidhani anayajua majina yaliyomo na kunificha kunamwasha.

Maoni ya wapitiaji yalikuja. Wa kwanza aliisifu. Wa pili aliandika, nayakumbuka neno kwa neno: "Mwandishi hana umakini. Jedwali la tatu likifuatwa, familia itakunywa dawa mara kumi ya inavyopasa." Hana umakini! Mtu aliyekuwa akipanga soksi zake kwa tarehe za kununuliwa. Nilitaka kumjua aliyeandika maneno hayo. Nilijiambia huenda alikuja msibani, akanipa mkono. Nikaanza kutazama mikono ya watu wanaosaini daftari la wageni hapo mapokezi. Ni uchovu wa aina yake, kumtafuta mtu katika mikono ya watu wote.

Wanafunzi wake wawili waliokuwa wakimsaidia utafiti walipewa kazi ya kurekebisha, wakaomba daftari lake la maabara. Nililitoa nyumbani, nikalifungua mwenyewe kabla sijawapa. Hesabu ilikuwa sahihi. Mwandiko wake, wino wake wa bluu, nukta ya desimali mahali pake. Jedwali la tatu nililichapa mimi, Jumapili, kwenye meza ya jikoni, huku nikiangalia sufuria isifurike. Nukta ilisogea mikononi mwangu, na yeye akanipa shukrani bila kukagua kwa sababu aliniamini.

Nilimwendea Mzee Mkasi nikamwambia. Alitembea hadi dirishani akarudi, akaenda tena, akarudi.

"Shemeji," akasema, "humu ndani hatukati majina ya waandishi tu."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu ya majibu: Kosa la uchapaji, limerekebishwa. Hakuandika la nani. Kisha akavuta kile kiti chake chenye nailoni akaniambia nikae. Nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kukikalia.

Makala ilichapwa Desemba, bila mstari mweusi, na maji mengi yametibiwa kwa kipimo chake. Kama huruma ingeshinda kile kikao, jina la mume wangu lingesimama juu ya kipimo cha kudhuru watu, nami ningekuwa nimekichapa. Siku toleo lilipotoka Mzee Mkasi alifungua bahasha nyeupe, akaniletea kile kipande: jina, kitivo, na anwani ya barua pepe isiyojibiwa tena. Ninacho kwenye pochi. Kimeanza kulainika kama kitambaa.

Lakini bahasha ya kaki ilibaki kabatini, nami sikuacha kuifikiria. Wiki iliyopita bodi ilinichagua mimi kushika ufunguo baada yake. Mzee Mkasi alinionyesha rafu moja baada ya nyingine, namba kwa namba, mpaka tukafika 412. Uvumilivu ukaniishia.

"Shemeji, unaniachia ufunguo wa kabati lenye jina nililolitafuta miaka tisa," nikamwambia. "Na wewe umelijua muda wote huu."

"Nani kakwambia nalijua?"

Siku ile ya kikao, baada ya mimi kutoka, alikuwa amesema jambo la pili. Alisema marehemu alikuwa rafiki yake, kwa hiyo yeye asiguse kabisa upande wa wapitiaji wa 412. Alimwomba mhariri mmoja wa kitivo kingine achague wapitiaji, awasiliane nao mwenyewe, na kumletea bahasha ikiwa imefungwa. Akaigeuza ile bahasha mbele yangu nikaiona. Saini ya yule mhariri imepita juu ya mkunjo, gundi haijaguswa.

"Unadhani mimi sikutaka kumjua?" akaniambia. "Kasema rafiki yangu hana umakini! Nilitaka nimshike shati. Ningeweza kumwita hata kucheza drafti nimfunge kumi bila."

Basi zile safari zake za kwenda kabatini na kurudi hazikuwa za mtu anayeficha. Zilikuwa za mtu anayejizuia. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, shauku ilikuwa sawa na yangu, na bahasha imekaa miaka tisa nzima kama ilivyofungwa. Tuzo alizopata katika utumishi wake ziko ukutani, mnaweza kuzisoma wenyewe. Hili haliko ukutani, ndiyo maana nimeliandika.

Tangu siku hiyo sijatulia. Ufunguo nimeuweka kwenye droo, nikauhamishia kwenye pochi, nikaurudisha kwenye droo. Jana nilifika mbele ya kabati, nikaweka mkono kwenye komeo, nikajikuta nimesimama palepale penye upara wa zulia. Nikarudi mezani, nikamwandikia mhariri mkuu barua ya mistari miwili: mimi ni mke wa mwandishi wa 412, na ni mimi niliyechapa jedwali lake, kwa hiyo naomba nisiiguse. Leo asubuhi bahasha imehamishiwa kwenye kabati lake. Aprili inatimiza miaka kumi, itachanwa. Nimeomba niwepo, nisishike kitu, nisikie tu mashine ikifanya kazi yake.

Aliyeandika yale maneno ya "hana umakini", kama anasoma jarida hili la wafanyakazi, ajue kwamba alisema kweli kuhusu jedwali. Ajue pia kwamba alikosea mtu. Na ajue nimeacha kutazama mikono.

Wafanyakazi wamechanga zawadi ya kiti cha kubembea. Hoja ilipita bila kupingwa, kwamba angalau katika hicho ataweza kutembea akiwa amekaa. Mkasi unarudi nyumbani kwa mwenyewe, na fundi cherehani ametuahidi kwamba safari hii ataufungia. Ameniuliza pia afanye nini na zulia la sebuleni. Nimemshauri alikunje mapema.

Mzee Mkasi, waandishi wengi hawajui kwamba walikupitia wewe kwanza, na wapitiaji wengi wamelala vizuri kwa sababu yako. Asante kwa niaba yao, maana kwa kazi uliyoifanya hawawezi kujitaja. Tunakutakia afya, watu wa kukufunga drafti, na siku nyingi za kwenda na kurudi pasipo kabati lolote mwisho wa chumba. Aprili nitakupigia simu, shemeji. Njoo tusimame wote wawili kando ya ile mashine mpaka inyamaze, halafu nitakaa.