Zamu ya Eladio

Ndugu waombolezaji, mimi ni Zunilda, dada wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, na msiponiona nikilia msinishangae, tangu jana sihisi kitu.

Marehemu Eladio Riveros Cabañas alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 hapa hapa Concepción, mtoto wa kwanza wa mzee Evaristo, mtunza jezi wa klabu yetu ya Puerto Nuevo, na hayati mama Deolinda. Alisoma shule ya parokia kuanzia 1976 hadi 1981, shule hakuipenda nayo haikumpenda, kwani alichotaka kujifunza kilikuwa uani kwetu, ambako baba alitundika ndoo kwenye kona ya goli la miti, akasema hali mtu chakula cha jioni mpaka mpira uigonge ndoo ilie, na mama akawa anampenyezea mkate wa jibini dirishani.

Mwaka 1987 alianza kuichezea Puerto Nuevo kama mshambuliaji wa kati, mwaka 1990 akauzwa Asunción, 1992 akaenda Mexico, akarudi Asunción 1995, na tarehe 16 Desemba mwaka huo akafunga ndoa na Nimia Ojeda, wakajaliwa Rossana na Derlis, hawa waliokaa mbele.

Tarehe 23 Novemba 1997 mnaijua nyote. Puerto Nuevo ilihitaji sare tu isishuke daraja, dakika za mwisho wapinzani, timu ya Eladio ya Asunción, wakapata penalti, na mpigaji wao alikuwa Eladio, baba akiwa amesimama nyuma ya goli na mfuko wake wa jezi. Mpira uliingia kona ileile ya ndoo, Eladio hakushangilia, aliinua mikono kuomba radhi kama afanyavyo mtu aliyeifunga timu iliyomlea, na sisi tukashuka. Nje ya vyumba vya kubadilishia baba alimwambia, "Ungepiga nje, mwanangu, nani angekulaumu?" naye akajibu, "Baba, si wewe uliyeninyima chakula kwa kupiga nje?" Tangu siku hiyo hawakusemezana tena.

Alistaafu 2003, akarudi mtaa huu kufundisha watoto mpira, na kila alasiri tulikaa uani sisi watatu, tukinywa terere, chai yetu ya baridi, kwa kupokezana pembe moja ya ng'ombe, baba akimimina maji ya barafu, na zamu ya Eladio ikifika baba ananikabidhi mimi pembe, "Mpe huyo," nami nampa. Miaka ikaenda hivyo, tukazoea.

Machi 2018 aligundulika ana saratani ya kongosho, akatibiwa Asunción, akaomba arudishwe nyumbani, na jana, Jumapili tarehe 3 Februari 2019, saa tisa alasiri, saa yetu ya terere, akafariki.

Leo asubuhi, kando ya jeneza, baba alimimina kama kawaida. Zamu ya Eladio ilipofika mkono wangu ulijinyoosha wenyewe, lakini baba aliupita, akainuka kwa taabu, akaiweka pembe juu ya jeneza kwa mkono wake, akasema, "Kunywa, mwanangu." Ipo pale, barafu imeshayeyuka, naomba asiiondoe mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wachezaji wenzake wa pande zote mbili mliokuja kumbeba.

Pumzika kwa amani, kaka, safari hii pembe haikupitia kwangu.