Mama Pasi na Kipimo cha Figo

Wasikilizaji wapendwa, mwenye kikombe cha chai mkononi akiweke chini kidogo. Leo nitataja mkojo. Nitautaja zaidi ya mara moja, maana tunayemkumbuka alishindwa kuutaja, na mdogo wake ndiye aliyeumia.

Tunamkumbuka Mama Pasi. Alipiga pasi kwenye duka la dobi mpaka akastaafu. Kola aliyoinyoosha yeye, nzi akitua anateleza. Mdogo wake, fundi cherehani, figo zake zilikufa, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Mama Pasi akasema mbele ya ukoo mzima: "Mimi ninazo mbili. Moja ni ya mdogo wangu."

Hospitali ikampima. Hapa sikilizeni vizuri. Alitundikiwa dripu yenye dawa ya kutanua mishipa. Dawa hiyo huzunguka na damu. Mishipa ikitanuka, damu nyingi zaidi hupita kwenye figo, na figo yenye nguvu ya akiba huchuja zaidi na kutoa mkojo mwingi zaidi. Ndicho walichotaka kujua: akibaki na figo moja, itamudu? Kwa hiyo mkojo wote ulipaswa kuingia kwenye jagi. Wote, wasikilizaji. Hata tone lisipotee.

Sasa, nani anapokea majagi maabara? Mkwewe! Mume wa binti yake, kijana ambaye hata kukohoa mbele yake Mama Pasi aliomba radhi. Na siku hiyo mkojo ukamjia mwingi. Binti yake anatuambia: "Mama aliona haya. Alijifungia msalani, akamwaga nusu, akatoka na kidogo cha heshima."

Kidogo cha heshima, jamani! Majibu yakasema figo hazikuitikia dawa. Akakataliwa kutoa. Mkwe mwenyewe ndiye aliyemletea habari, macho chini: "Pole, mama." Wiki zikapita, kimya. Alikwenda kumwona mdogo wake kwenye mashine, akamnyooshea shuka, akarudi nyumbani na siri yake.

Mwishowe ikamshinda. Akamwambia mdogo wake yote, huku analia. Yule fundi alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. "Dada, kumbe figo zako nzima! Mficha uchi hazai. Nenda ukawaambie."

Akaenda. Akamwambia mkwewe uso kwa uso: "Mwanangu, nilimwaga." Kipimo kikarudiwa. Figo zilikuwa imara. Siku ya upasuaji ikapangwa. Lakini mdogo wake akashikwa na homa, maambukizi yakaingia kwenye damu, akafariki kabla ya siku hiyo kufika.

Hakuna daktari aliyesema kwamba wiki zile zingemwokoa. Mama Pasi hakuuliza. Tangu hapo, mtu akimsifu kwa afya yake, aliinamisha kichwa kwa aibu. Mkwewe anasema: "Nilimwambia kosa ni langu, ningempa mwenzangu kazi ile. Akanijibu, 'Usinibebee, mwanangu.'"

Mama Pasi ametutoka wiki hii. Binti yake, mkwewe na wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: kuna nini tunachomficha daktari, na nani anaumia tunapokificha?

Binti yake ameniomba niwasomee maneno ya mwisho ya mama yake, bila kuyapamba. Alisema: "Nazikwa na figo ya mdogo wangu."