Nywele za Jussara

Basi la kwenda Lapa lilikwama mlimani, na mwanamume mwenye sare ya ulinzi akaona ndiyo nafasi ya kummwagia mama aliyekaa kando yake yaliyomjaa. "Mwanangu kakosa udaktari kwa alama mbili tu, mama. Nafasi za chuo wamewatengea weusi."

"Na nyinyi je?"

"Sisi ni maji ya kunde."

Mama huyo, kikapu cha bamia magotini, hakugeuka. Mimi niliyekaa nyuma yao nilizitazama shingo zao mbili, nikashindwa kusema ipi imezidi kwa weusi.

"Binti yangu aliomba hizo nafasi za weusi," akasema mama. "Kamati ya chuo ya kuhakiki rangi imemtazama dakika mbili, ikasema haonekani mweusi."

"Si ndiyo nasema! Mchezo mtupu!" Mlinzi alifurahi kupata mwenzake.

"Usiniingize kwenye kesi yako, kaka. Kosa ni langu." Akashusha pumzi. "Asubuhi ile nilimnyoosha Jussara nywele kwa pasi, nikampaka poda. Tangu ana miaka sita, kila akienda mbele ya wakubwa namfanya hivyo, wasije wakamfukuza mlangoni. Nikasahau kwamba safari hii walitaka kumwona alivyo."

Mlinzi akakuna kidevu. "Sasa?"

"Tumekata rufaa. Jumatatu anarudi na nywele zake kama Mungu alivyomjalia."

"Zitawatosha hao wa kamati?"

Basi likajikokota hadi Lapa, likasimama. Mama akainuka na kikapu chake, na kabla ya kushuka akazilaza nywele zake kwa kiganja, mara mbili.