Radhi ya Tomaso

Mwaka ule serikali ya Mwingereza, ambayo haikuwahi kukamua hata mbuzi, ilipoamua kwamba ng'ombe wetu wamezidi na lazima wapunguzwe, Justina alipanda lori Dongobesh kwenda Mbulu. Mumewe, Tomaso, alikuwa mahabusu kwa kumfokea bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, barazani.

"Akiomba radhi leo wanamwachia, mama," alisema Bashiri, mwenye duka wa Katesh, aliyeketi juu ya magunia yake ya chumvi. "Akikataa, miezi sita. Na kaka yake je?"

"Nicodemo? Alijibu 'Ndiyo bwana', kisha akaenda kuwaficha ng'ombe kwa rafiki zake huko Balangdalalu."

"Huyo ndiye mwanamume!"

"Huyo ndiye aliyenichumbia kwanza," alisema Justina, abiria wakacheka. "Baba alimkatalia, yeye akasema 'Ndiyo', akaondoka zake. Tomaso naye akakataliwa. Alisimama mvuani akabishana na baba mpaka wote wawili sauti zikawakauka." Alitabasamu, kana kwamba mvua ile ilikuwa bado inanyesha.

"Sawa, lakini leo utamwambia aombe radhi?"

Lori lilisimama mbele ya boma la serikali. Justina alishuka na kibuyu chake cha maziwa, akiiogopa miezi sita, na akiogopa vilevile kurudishiwa mume mpole asiyemjua.