Wafalme Watatu Niliowanyamazia

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, ninyi mlioketi ndani na ninyi mliosimama nje! Niwataje kwanza waliokuwapo Jumapili ile nilipocheza karata, mtu asije akasema nimetunga. Alikuwapo Salumu, fundi wa cherehani aliyetoka Kasongo. Alikuwapo Yuma, aliyempikia mzungu wa machimbo ya dhahabu na kutuletea mchezo ule wa karata. Alikuwapo Mama Kalonda, mwenye baraza, na karanga zake. Nilikuwapo mimi. Mwishoni alikuja dada yangu Veronika.

Wazazi wetu walifariki nikiwa bado darasani. Mimi ndiye mkubwa. Nikaacha shule, nikashika jembe. Mbele ya watu sikuonyesha njaa yetu, wala sikuonyesha tulichopata. Nilidhani ndiyo kazi ya mkubwa. Mdogo wetu Petelo alisoma misheni kule Kasongo, ambako kila mwanafunzi huenda na mpunga wake wa kula. Mwaka ule mpunga wa Petelo ulikuwapo, lakini wetu wa nyumbani haukutosha. Nikawaza nitauongeza kwa karata. Ndugu zangu, mpaka leo sielewi jinsi wazo lile lilivyoonekana zuri.

Katika mchezo ule kila mtu hupewa karata mbili, huzificha. Nyingine tano hufunuliwa mkekani kwa ajili ya wote: tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Kila zinapofunuliwa, unaweza kuweka kikapu kimoja cha mpunga, si zaidi. Anayetaka kuendelea huweka naye, au huongeza kimoja juu yake. Asiyetaka hutupa karata zake. Wote wakinyamaza, karata inayofuata hutoka bure. Sisi tuliweka kokoto, kila kokoto ni kikapu.

Nilipewa wafalme wawili. Mkekani zikafunuliwa mfalme, nane na tatu. Nilikuwa na wafalme watatu!

Marehemu baba alikuwa mtega wanyama. Alinifundisha kwamba mnyama akikaribia kitanzi, usikohoe. Basi sikukohoa. Niligonga mkeka kwa kidole, maana yake siweki kitu. Yuma akagonga naye, akacheka, akasema leo yatima amepewa majani makavu. Salumu naye akagonga. Karata ya nne ikatoka bure, nayo ilikuwa saba. Hapo nikaweka kikapu. Yuma akatupa zake, Salumu akaweka. Ya tano ikawa nne. Nikaweka, akaongeza. Nikaongeza, akaongeza. Kwa sheria ya Yuma, wakibaki wawili hakuna mwisho wa kuongezana. Kikapu kimoja kimoja, mpunga wote wa Petelo ukaingia mkekani.

Salumu akafunua tano na sita. Nne, tano, sita, saba, nane: zimefuatana, na zilizofuatana huwashinda wafalme watatu.

Salumu hakufurahi. Alinitazama kama mtu aliyepotezwa njia.

"Ndugu, mara ile ya kwanza nilikuwa tayari kutupa," akasema. "Tano na sita ni kitu gani? Ungeweka kikapu kimoja tu, ningetoka. Sababu gani ulinyamaza?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mnyama wa baba hapati nguvu mpya akisubiriwa. Salumu alipata, na mimi ndiye niliyempa bure.

Ndipo Veronika akaja kuniita nile. Aliziona kokoto, akauliza ni za nini. Nikasema ni mchezo tu. Yuma, ambaye kinywa chake hakina mlango, akamweleza yote. Nilingoja alie. Hakulia. Aliketi mkekani mbele ya Salumu, akamwambia kila nililolificha miaka ile: kwamba tumekula sombe, majani ya muhogo, bila ugali, kwamba lori la Kasongo linaondoka wiki ile, kwamba misheni haimpokei mtoto asiye na mpunga. Nilimwamuru anyamaze.

"Hapana, Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. "Wewe umenyamaza tangu tumzike Mama. Tumepata nini?"

Salumu akasema, "Sikujua iko mpunga ya mutoto. Ninyi hamuombi mutu kitu, nilizania muko na akiba. Sikia. Deni ni deni. Lakini mpunga iende Kasongo kwanza. Wewe utalima shamba yangu, kikapu kwa kikapu."

Petelo alipanda lori na mpunga wake. Mimi tangu siku ile sijagusa karata, wala mkono hauzitamani. Ningependa kusema niliomba nikafunguliwa. Sikuomba, ndugu zangu. Bwana alitumia nini? Kushindwa kwangu? Mdomo wa Yuma? Dada niliyemwamuru anyamaze? Au Salumu, ambaye hata hasali nasi? Mchungaji ameniambia nishukuru tu. Nashukuru, kweli nashukuru, na bado nauliza.

Wewe uliyeketi hapo na njaa ya watoto wako umeifungia kinywani, ukidhani ni heshima, mtegemee Bwana, na mwambie jirani yako leo. Sijui atakujibu nini. Mimi nilijibiwa na mtu niliyetaka kumnasa.

Deni halijaisha. Shamba la Salumu nimelilima upande wa mto. Upande wa barabara bado ni magugu. Kesho asubuhi nitakuwa huko.