Bwana Mvua, Aliyefunga Matairi Mapya Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, punguzeni sauti za watoto kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa matairi. Alifariki Jumatano iliyopita, alasiri, akiwa na miaka sitini na mmoja. Moyo wake ulikuwa umechoka. Ameacha mjane, mabinti wawili, na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo wake msimsahau, maana habari hii ni ya wao wawili.

Watu walimwita Bwana Mvua. Jina alipewa na wateja, na alipewa kwa haki. Mtu anaingia dukani kwake jua linawaka hadi lami inalainika, anataka tairi, yeye anaanza kumuuliza habari za mvua. Unapita barabara gani ikinyesha? Ina mteremko? Maji yanatuama wapi? Mteja anatazama juu, anatazama saa yake. "Fundi, nimekuja kununua tairi, sio mwavuli," mmoja alimwambia. Bwana Mvua akamjibu bila kucheka, "Basi kanunue huo mwavuli, maana tairi ulilochagua halitakufaa kitu."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo anao, aibu hana.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, matairi yamepangwa mpaka darini, harufu ya mpira inakukaba koo. Alikuwa na njiti ya kiberiti aliyoitia alama ya wino. Anachuchumaa, anaichomeka kwenye mifereji ya tairi la mteja. Mfereji usipofika kwenye alama, anatikisa kichwa. "Mifereji hii ndiyo inayokunywa maji," anaeleza. "Ikiisha, tairi linapanda juu ya maji, halishiki lami tena. Hapo usukani umebaki pambo." Kisha anapapasa ubavuni mwa tairi, anatafuta tarakimu nne ndogo, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Wengi wetu hatuzijui hizo. Tairi linaweza kuwa na mifereji mizuri na bado mpira wake umekauka kwa uzee, na mpira mkavu hauelewani na lami iliyolowa. Bwana mmoja alimletea matairi aliyouziwa na rafiki yake, yanang'aa kweli kweli. Bwana Mvua akazisoma tarakimu, akamuuliza, "Ulioa mwaka gani?" Yule akataja. "Basi matairi haya yameitangulia ndoa yako."

Kwa jambo moja tu hakuwa na mzaha. Mtu akija na uwezo wa matairi mawili tu, Bwana Mvua aliyafunga nyuma. Nyuma, wasikilizaji. Sio mbele. Watu waligomba naye. Usukani uko mbele, injini iko mbele, dereva anatazama mbele, sasa matairi mapya yanakwenda nyuma kufanya nini? Na kweli, mafundi wengi hufunga mbele mpaka leo. Yeye alikataa katakata. Ukimng'ang'ania, anashusha jeki, anakuonyesha mlango. Mkewe anakumbuka: "Nilikuwa namwambia, baba, unafukuza riziki. Ananijibu, wacha iende."

Sababu hakuieleza. Sisi tunaieleza leo, tena kwa ruhusa ya mdogo wake, aliyetuambia, "Semeni yote. Msimpambe kaka yangu."

Miaka ishirini iliyopita, mume wa huyo mdogo wake alikuja dukani. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa safari. Matairi yake yote manne yalikuwa yamekaribia kipara, na uwezo ulikuwa wa mawili tu. Fundi wetu, ambaye wakati huo hakuwa na jina la Bwana Mvua, alimchagulia mawili bora kabisa ya kushika barabara iliyolowa. Akayafunga mbele. Yale yaliyolika akayaacha nyuma. Akampigapiga begani, akamwambia, "Shemeji, sasa hata ije gharika, wewe pita tu."

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Kwenye kona ya mteremko mmoja, magurudumu ya mbele yalishika lami vizuri, ya nyuma yakateleza. Kufumba na kufumbua gari likageuka, likajipiga ubavu kwenye ukingo wa daraja. Mpima ardhi alikuwa peke yake garini. Hakufika hospitali. Watu wakasema ni mwendo kasi, wengine wakasema siku zake zilikuwa zimefika. Hakuna aliyetia neno juu ya matairi, na fundi mwenyewe hakujua.

Alijua miaka miwili baadaye. Mafundi waliitwa kwenye mafunzo, kwenye uwanja wa lami uliomwagiwa maji. Mwalimu alichukua gari lenye matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma, akaliingiza kwenye kona. Likazunguka. Akayahamishia yale mapya nyuma, mwendo uleule, kona ileile. Likapita salama. "Mbele ikiteleza, unahisi kwenye usukani, unapunguza mwendo," mwalimu akasema. "Nyuma ikiteleza, huna habari mpaka gari limeshakugeuka." Wenzake waliandika kwenye madaftari. Yeye akayakumbuka matairi ya shemeji yake. Alikwenda nyuma ya ukuta akatapika, akarudi, akawaambia chai ya asubuhi haikumkaa vizuri.

Tangu siku ile ndipo alipoanza kuwauliza watu habari za mvua.

Lakini kwa mdogo wake hakusema kitu. Alipita kwake kila Jumapili, akarekebisha bomba, akawakagulia watoto madaftari, akala chakula, akarudi nyumbani na neno lake kifuani. Miaka tisa, wasikilizaji. Kisha binti wa mpima ardhi akaolewa. Pale ukumbini mama yake akasimama mbele ya watu, akasema, "Baba yao alipoondoka, kaka yangu ndiye aliyetushika mkono. Sijui nimshukuru vipi." Watu wakapiga makofi. Bwana Mvua akainamisha kichwa, na mkewe akadhani ni machozi ya furaha.

Kesho yake asubuhi alikwenda jikoni kwa mdogo wake. Hakuzunguka. "Matairi yale niliyafunga mimi," akasema, "na niliyafunga vibaya. Ndiyo yaliyomuua shemeji."

Mdogo wake akazima jiko. "Umejua lini?"

"Miaka tisa sasa."

Mama yule anasema kilichomkata maini hakikuwa matairi. "Kukosea, fundi gani hakosei? Lakini miaka tisa anakula kwangu, ananitazama machoni, na anajua. Nilimwambia atoke."

Akatoka. Miaka tisa alikuwa amenyamaza yeye, na sasa miaka tisa mingine akanyamaza mdogo wake. Kwenye misiba ya ukoo walikaa pande mbili za uwanja. Salamu zilipitia kwa watoto. Mkewe anasema simu ikiita Jumapili mume wake alikuwa wa kwanza kuinuka, akisikia sauti ni ya mtu mwingine anarudi kukaa. Jambo lile lilimtafuna. Dukani anatania watu kutwa nzima, nyumbani anashika tama.

Mwezi uliopita alilazwa. Daktari akaiambia familia kwamba mwenye nia ya kumwona asichelewe. Mabinti walikuja. Mafundi wenzake walikuja, wakamtania kwamba kitanda chake kina magurudumu mabovu. Alichouliza ni kimoja tu: huyu mdogo wangu amepata habari?

Jumatano, saa nane mchana, simu ya mkewe ikaita. Alikuwa ni wifi yake. Yuko njiani anakuja, anaendesha mwenyewe, na mvua imemkuta. Sasa mjue kwamba tangu mumewe afariki, mama huyu hakuwahi kuendesha gari kwenye mvua hata siku moja. Alikuwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta. Mkewe akaiweka simu sikioni mwa mgonjwa.

"Kaka," akasema. Kwa miaka tisa hakuwa amemwita hivyo. "Nina neno nataka kukwambia, lakini nataka nikwambie uso kwa uso. Nije hivihivi na mvua?"

Bwana Mvua alikuwa anahema kwa shida, mkewe anasema, lakini jibu lilitoka palepale. "Usitoke hapo. Ngoja ikatike kabisa, maji yaondoke barabarani. Mimi nipo, nakusubiri."

Akamwomba mkewe amwinulie mto aweze kuuona mlango. Alikaa anautazama. Alifariki saa kumi na robo. Mvua ilikatika nusu saa baadaye.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa mabinti, kwa wajomba na mashangazi, na kwa mafundi wote waliofunga maduka yao siku ya mazishi, tunawapa pole. Tunasikitika nanyi. Na wewe unayetusikiliza, kabla hujawasha gari kesho, zunguka uyatazame matairi yako, hasa yale ya nyuma.

Tulikwenda kumwona mdogo wake Ijumaa. Tukamuuliza lilikuwa neno gani alilokuwa anampelekea kaka yake. Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza.

"Nilikuwa nakwenda kumwambia yameisha," akasema. "Simu ilikuwa sikioni mwake. Ningesema tu."

Sasa tutanyamaza dakika moja kwa heshima ya marehemu. Hatutapiga muziki. Mwenye mtu wake wa kumwambia neno kama hilo, na simu iko karibu, aitumie dakika hii.